Programu yako na Excel zikigombea faili moja: njia nne na namna ya kuchagua

Chukua ghala la dagaa pale Kibirizi, Kigoma. Mizani ya kielektroniki imeunganishwa na kompyuta, na programu ndogo ya Python inasoma uzito wa kila gunia na kuuandika kwenye mizani.xlsx. Chumba cha pili yupo mhasibu, naye hulifungua faili hilohilo kupitia folda ya pamoja ili awapigie wauzaji hesabu zao. Saa 4:10 asubuhi gunia la kilo 38.4 linapandishwa. Programu inajaribu kuhifadhi, inajibiwa hivi:

`PermissionError: [Errno 13] Permission denied: 'mizani.xlsx'`

Gunia limeshashushwa, mchukuzi ameshaondoka, na uzito haujaandikwa popote.

Jibu la haraka ni "mwambie mhasibu afunge faili". Linafaa mpaka siku mhasibu anapokwenda kula ugali na migebuka akaacha kompyuta imewaka na kitabu, yaani faili lenyewe la Excel, kiko wazi. Ukitaka dawa inayodumu, zipo njia nne, na kila moja inajibu tofauti swali moja: kalamu ya daftari hili anaishika nani?

Kwanza tuelewane kwenye maneno. Ukisema "faili limefungwa", mmoja anaelewa kazi imeisha na faili limeachiwa, mwingine anaelewa limetiwa kufuli na haligusiki. Hapa kufunga ni kuliachia, na kufuli ni kile kizuizi. Hata ujumbe unaouandika kwenye programu yako usiseme "faili limefungwa". Sema "faili limefunguliwa na mtu mwingine". Utapunguza simu nyingi za kuuliza.

Kufuli lenyewe likoje

Kwenye Windows, programu inapofungua faili hutamka mambo mawili: mimi nataka kufanya nini, na wengine nawaruhusu nini wakati nimelishika. Excel ikifungua kitabu cha kuhariri husema: nasoma na kuandika, wengine wasome tu. Ndiyo maana programu yako inaweza kulisoma faili lililo wazi kwa mhasibu lakini haiwezi kuliandikia. Windows hukataa kwa kosa namba 32, na kosa hilo hufika kwenye Python likiwa Errno 13.

Wanaotumia C# wana mtego wao hapa. Chaguo-msingi la `FileStream` ni `FileShare.Read`, maana yake "wengine wasome tu", na wakati huo Excel tayari imeshika haki ya kuandika. Kauli mbili zinapingana, ombi linakataliwa hata kama ulitaka kusoma tu. Weka `FileShare.ReadWrite` na faili litasomeka.

Sambamba na kufuli, Excel huweka kwenye folda ileile faili dogo lililofichwa, `~$mizani.xlsx`, la baiti 165. Ndani yake mna jina la mtumiaji kama lilivyo kwenye mipangilio ya Office. Kompyuta nyingi hazijabadilishwa jina hilo tangu ziliponunuliwa, kwa hiyo mwenzako anaambiwa faili limeshikwa na "HP" au "User", na ofisi nzima inabaki kuangaliana. Nenda File, kisha Options, kisha General, uandike jina la mtu halisi kwenye kila kompyuta. Ni kazi ya dakika mbili.

Faili hilo dogo ni kibandiko, si kufuli. Ukilifuta wakati Excel bado imekishika kitabu, hujafungua kitu. Umeme ukikatika linaweza kubaki peke yake, huku hakuna aliyeshika chochote. Basi programu inayoangalia kama `~$` ipo kabla ya kuandika inadanganywa pande zote mbili. Usimamizi wa kweli ni kutouliza kabisa: fungua kwa kuandika moja kwa moja, na ukikataliwa lishughulikie kosa. Ukipima kwanza halafu ndipo ufungue, katikati ya hayo mawili mhasibu anaweza kubofya mara mbili.

Jambo moja zaidi ambalo wengi hulikosa. Excel inapohifadhi haiandiki juu ya faili la zamani. Huandika faili la muda kwenye folda ileile, huliondoa la zamani, kisha humpa mrithi jina lake. Kuna kitambo kidogo ambacho jina mizani.xlsx halipo kabisa. Kwa hiyo programu yako ishike makosa mawili, `PermissionError` na `FileNotFoundError`, na ngoja zake ziwe za kurefuka: sekunde 0.5, 1, 2, 4, 8. Hizo ni sekunde 15.5, zikipita bila mafanikio, aliyeshika ni binadamu, na binadamu hangojwi kwa sekunde.

Mara nyingine mshikaji si mhasibu. Kidirisha cha onyesho la awali ndani ya folda hushika faili, antivirusi hushika, OneDrive hushika inapopandisha nakala. Kwenye kompyuta yako fungua `resmon`, ingia ukurasa wa CPU, tafuta jina la faili kwenye orodha ya vishikizo (Associated Handles). Kama faili liko kwenye folda ya pamoja, nenda kwenye kompyuta yenye folda hiyo, fungua `compmgmt.msc`, Shared Folders, Open Files. Au kwenye PowerShell andika `Get-SmbOpenFile`.

Tunalinganisha kwa vigezo gani

Kila njia tutaiuliza maswali yaleyale. Mtu akiwa amefungua faili, kinatokea nini? Umeme ukikatika au programu ikifa katikati, kinabaki nini? Fomula, rangi na chati zinasalimika? Njia inadai nini: leseni, mfumo, ujuzi, mtandao? Na mwisho, inamfaa nani. Kasi hatukuiweka kama kigezo, kwa sababu kwenye ghala au SACCOS tatizo la kasi huja muda mrefu baada ya tatizo la kufuli.

Njia ya 1: kuiendesha Excel yenyewe

Hapa programu yako inaiita Excel kupitia COM, njia ya Windows ya programu moja kuiamuru nyingine, Excel inafungua kitabu, inaandika, inahifadhi. Kwenye Python ni pywin32. Kwenye C# ni Interop.

*Mtu akiwa amefungua.* Inategemea yuko wapi. Akiwa kwenye kompyuta nyingine, Excel yako itakifungua kitabu kwa kusoma tu, na ukiwa umezima maonyo kwa `DisplayAlerts = False` haitakuambia. Programu inaandika safu zake kwa furaha, halafu inakwama kwenye kuhifadhi. Kila baada ya `Workbooks.Open` angalia `wb.ReadOnly`, ikiwa kweli, funga bila kuhifadhi na urudi baadaye.

Akiwa kwenye kompyuta hiyohiyo, njia hii ina uwezo ambao nyingine hazina: unaweza kujiunga na Excel yake iliyo wazi kwa `GetActiveObject` na kuandika ndani ya kitabu anachokitazama. Anaona safu zinaongezeka mbele ya macho yake. Kikwazo ni kwamba akiwa katikati ya kuandika kwenye seli, au ana kisanduku cha mazungumzo kimefunguka, Excel inakataa wito wako kwa kosa `0x80010001`. Si kosa la kutisha; ngoja nusu sekunde ujaribu tena.

Lakini kujiunga kusikotarajiwa ni hatari. Kwenye pywin32, `Dispatch("Excel.Application")` hujaribu kwanza kushika Excel iliyo wazi tayari. Ukimaliza ukaita `Quit()`, umeifunga Excel ya mhasibu, na kama `DisplayAlerts` umeizima, kazi yake ambayo hajaihifadhi imepotea bila hata kuulizwa. Tumia `DispatchEx`, ambayo huanzisha Excel mpya isiyohusiana na ya mtu.

*Umeme ukikatika.* Kitabu cha zamani mara nyingi husalimika, kwa sababu ya ule utaratibu wa faili la muda. Shida kubwa huja pale umeme upo ila programu yako imeanguka: EXCEL.EXE inabaki imejificha, haina dirisha, na kufuli imelishika. Unaiona kwenye Task Manager tu. Kwenye C# hutokea hata bila kuanguka. Ukiandika `xl.Workbooks.Open(...)`, kile kitu cha katikati, `Workbooks`, kimeshikwa bila wewe kukipa jina, na huna namna ya kukiachia. Kipe kila kitu kigeu chake (variable), uviachie kwa `Marshal.ReleaseComObject`, na mambo yote ya kufunga yakae ndani ya `finally`.

Tafadhali usimalize tatizo kwa `taskkill /IM EXCEL.EXE /F`. Inaua Excel zote, na ya mhasibu ikiwemo. Chukua `xl.Hwnd` mara tu unapoianzisha, ipate namba ya mchakato kwa `GetWindowThreadProcessId`, uiandike mahali, na ukilazimika kuua ua hiyo peke yake.

*Fomula na sura ya kitabu.* Hapa hakuna mshindani. Anayeandika ni Excel, kwa hiyo fomula zinapigwa hesabu, chati, pivoti, vitufe na makro vinabaki vilivyo.

*Inachodai.* Windows, leseni ya Office, na mtumiaji aliyeingia kwenye kompyuta. Microsoft wenyewe hawapendekezi wala hawaungi mkono Office kuendeshwa kwenye seva pasipo mtu, na sababu inaeleweka: kisanduku kimoja kikijitokeza kwenye dirisha lisiloonekana, hakuna wa kubofya "Sawa", na programu inasubiri mpaka kesho huku imeshika kufuli. Weka `UpdateLinks=0` wakati wa kufungua ili swali la viungo lisijitokeze. Na andika safu kwa mkupuo, jedwali zima kwenye `Range.Value`, badala ya seli moja moja. Kila wito unavuka kutoka mchakato mmoja kwenda mwingine, na muda wote huo kitabu kiko mkononi mwako.

*Inamfaa* mwenye kitabu kizito cha fomula na makro ambacho hakuna anayethubutu kukijenga upya, na kazi inayofanyika mbele ya mtu: bonyeza kitufe, subiri dakika, ona matokeo.

Njia ya 2: kuandika faili bila Excel

Maktaba kama openpyxl kwa Python, ClosedXML au EPPlus kwa C#, na Apache POI kwa Java zinasoma na kuandika xlsx moja kwa moja. Faili la xlsx ni zipu yenye XML ndani, kwa hiyo Excel haihitajiki.

*Mtu akiwa amefungua.* Kusoma unaweza, kuhifadhi huwezi, ndilo lile kosa la saa 4:10. Kosa hilo ni la wazi, na heri yake ni hiyo. Kosa baya zaidi ni lile lisiloonekana. Programu imesoma kitabu saa 4:10 mhasibu akiwa ndani. Inangoja. Saa 4:25 mhasibu anahifadhi marekebisho yake na kufunga. Programu inaona njia nyeupe na kuhifadhi, ila inahifadhi kile ilichosoma saa 4:10. Marekebisho ya mhasibu yamefutika, na hakuna kosa lililoonyeshwa popote. Dawa ni kusoma upya kwenye kila jaribio:

```
import os, time, openpyxl

def andika(njia, mstari):
    for ngoja in (0.5, 1, 2, 4, 8):
        try:
            kitabu = openpyxl.load_workbook(njia)
            kitabu["Mizani"].append(mstari)
            muda = njia + ".muda"
            kitabu.save(muda)
            os.replace(muda, njia)
            return True
        except (PermissionError, FileNotFoundError):
            time.sleep(ngoja)
    return False
```

Kusoma kumo ndani ya mzunguko, na hilo ndilo la kuangalia. Hata hivyo mwanya haujazibwa wote: mtu akifungua, akahifadhi na kufunga kati ya kusoma na `os.replace`, kazi yake inapotea. Kwa kitabu chepesi mwanya huo ni chini ya sekunde. Kwa kitabu kizito unaweza kuwa wa sekunde nyingi, na hapo njia hii inaanza kunuka hatari.

Ikirudisha `False`, mstari usiupoteze. Bora zaidi, kila uzito uandikwe kwanza kwenye foleni, faili la CSV (maandishi matupu yaliyotenganishwa kwa mkato) kwenye diski ya kompyuta ya mizani ambalo hakuna mwingine anayeligusa, ndipo uhamishwe kwenye kitabu. Gunia likishashuka, uzito uwe umeshaandikwa mahali fulani, kufuli liwepo lisiwepo.

Wengine hutengeneza kufuli lao, faili la `mizani.kufuli` linaloundwa kwa `open(njia, "x")`, ambayo hushindwa kama lipo tayari. Ni zuri kati ya programu zako mbili. Excel ya mhasibu hailijui wala hailiheshimu.

*Umeme ukikatika.* Ukihifadhi moja kwa moja juu ya jina la kitabu, umeme ukaondoka katikati, unabaki na zipu isiyo na mwisho, na jaribio linalofuata litakuambia si faili la zipu. Kitabu cha msimu mzima kimekwenda. Ndiyo sababu ya faili la `.muda` kwenye msimbo hapo juu: la zamani haliguswi mpaka jipya liwe kamili. Faili la muda likae folda moja na kitabu, maana kubadilishana majina kati ya diski mbili si tendo moja.

*Fomula na sura ya kitabu.* openpyxl huhifadhi fomula kama maandishi, haipigi hesabu. Ukishahifadhi, majibu ya zamani yameondoka mpaka Excel ikifungue kitabu na kukihifadhi. Anayekitazama kwenye simu kwa kionyeshi kisichopiga hesabu ataona seli tupu. Ukisoma kwa `data_only=True` unapata majibu, lakini ukihifadhi kutoka hapo fomula zote zinageuka namba tupu, na hakuna kurudi. Maumbo yaliyochorwa kwenye karatasi hupotea. Kitabu cha makro bila `keep_vba=True` hurudi hakifunguki. Jaribu kwenye nakala, usijaribu kwenye kitabu cha ofisi.

*Inachodai.* Kidogo: haina leseni ya Office, inakubali Linux, inakwenda usiku pasipo mtu. Kumbukumbu ndiyo inaliwa. Openpyxl huweza kutumia takriban mara 50 ya ukubwa wa faili. Njia ya `read_only=True` inaokoa kumbukumbu, ila huacha faili limeshikwa mpaka uite `kitabu.close()`. Wengi wamelaumu Excel kwa kufuli ambalo walilitia wao wenyewe kwa mstari huo mmoja.

*Inamfaa* anayezalisha faili jipya kila mara, ripoti ya siku au stakabadhi ya muuzaji, na anayeandikia kitabu ambacho binadamu hukifungua kwa nadra. Kwa kitabu kinachokaa wazi kutwa, haifai peke yake.

Njia ya 3: LibreOffice bila dirisha

Hapa programu yako inaiita LibreOffice, programu ya ofisi isiyo na ada, ifanye kazi bila kuonyesha dirisha.

*Mtu akiwa amefungua.* LibreOffice huacha kibandiko chake, `.~lock.mizani.ods#`, chenye jina, kompyuta na tarehe. Kwenye Linux jina linaloanza na nukta halionekani, kwa hiyo watu hulitafuta bila kuliona. Tofauti kubwa ni kwamba Linux haimzuii mwandishi: programu yako inaweza kubadilisha faili mhasibu akiwa ndani, na atajua pale anapohifadhi, LibreOffice inapomwambia faili limebadilika tangu alifungue na kumuuliza kama aandike juu yake. Watu hubofya ndiyo.

*Umeme ukikatika.* Kibandiko kinabaki, na safari ijayo LibreOffice itauliza kama ufungue kwa kusoma tu au nakala. Hakikisha hakuna aliyemo, kifute.

*Fomula na sura ya kitabu.* Hesabu inapiga, sura ya xlsx yenye mapambo mengi inaweza kusogea kidogo, makro ya Excel usiyategemee. Matumizi yake mazuri ni kukamilisha njia ya 2: openpyxl inaandika, kisha `soffice --headless --convert-to xlsx --outdir tayari mizani.xlsx` inatoa nakala yenye majibu ya fomula.

*Inachodai.* Haina ada. Mtego ni wasifu: LibreOffice ya mtu ikiwa wazi, wito wako wa pili hukabidhiwa kwa ile iliyo wazi, na mara nyingi faili halitoki wala kosa huoni. Ipe mashine wasifu wake, `-env:UserInstallation=file:///C:/lo_mashine`.

*Inamfaa* ofisi inayotumia LibreOffice tayari, au seva ndogo ya Linux inayogeuza mafaili usiku.

Njia ya 4: data kwenye hifadhidata, lahajedwali isome tu

Hapa programu haikigusi kitabu cha mhasibu hata mara moja. Uzito unaandikwa SQLite, hifadhidata ndogo inayokaa kwenye faili moja, kwenye kompyuta ya mizani. Kila dakika 5 programu inatoa CSV ya siku, kwa jina la muda kisha `os.replace`, kwenye folda ya pamoja. Kitabu cha mhasibu kinavuta folda nzima kwa Power Query, zana ya kuvuta data ambayo imo ndani ya Excel tangu 2016: Data, Get Data, From File, From Folder. Anabofya Refresh All.

*Mtu akiwa amefungua.* Hakuna linalotokea, maana kila mmoja ana faili lake. Power Query hushika CSV wakati wa kuvuta tu, na majaribio ya kurudia yanatosha. Mwonye mhasibu kitu kimoja: asiifungue CSV kwa kubofya mara mbili. Akifanya hivyo Excel inaitia kufuli kama kitabu kingine chochote, na mmerudi pale pale.

Washa hali ya WAL kwenye SQLite (mabadiliko huandikwa kwanza kwenye faili la pembeni), wasomaji na mwandishi wasizuiane, na weka `busy_timeout`, muda wa kusubiri kufuli, ya milisekunde 5000. Lakini faili la hifadhidata lisiwekwe kwenye folda ya pamoja ya mtandao. WAL haifanyi kazi huko, na makufuli ya mafaili kupitia mtandao si ya kuaminika kwa SQLite. CSV ndiyo isafiri.

*Umeme ukikatika.* Hapa ndipo inapozipita nyingine. Gunia ambalo SQLite imeshalithibitisha lipo. Lililokuwa katikati hufutwa lenyewe hifadhidata inapofunguliwa tena. Hakuna zipu iliyokatika.

*Fomula na sura ya kitabu.* Kitabu ni cha mhasibu, apambe atakavyo. Kinachouma ni masahihisho. Akiona gunia limeandikwa 83.4 badala ya 38.4 na kulirekebisha kwenye jedwali lililovutwa, Refresh ijayo itarudisha 83.4. Mwekee karatasi ya pili yenye safu wima tatu: namba ya gunia, uzito sahihi, sababu, na fomula ichukue masahihisho kwanza. Mwanzoni atalalamika. Ila siku muuzaji atakapobisha kilo, uzito wa mizani na uzito uliosahihishwa vitakuwepo vyote viwili, na sababu yake pembeni.

*Inachodai.* Kazi kubwa mwanzoni, siku mbili tatu za kujenga, na kumbadilishia mtu mazoea, ambalo ni gumu kuliko msimbo. Excel ya zamani kuliko 2016 itakutaabisha.

*Inamfaa* mahali penye maandiko mengi kutwa na msomaji mwenye kitabu wazi muda wote.

Na Google Sheets je?

Haina kufuli la faili, watu na programu huandika pamoja. Mipaka ipo: seli milioni 10 kwa kitabu, na maombi 60 ya kuandika kwa dakika kwa mtumiaji, ukizidisha unapata kosa 429. Tuma safu nyingi kwa ombi moja. Mtandao ukishuka au bando likiisha unahitaji foleni ya ndani hata hivyo, na ukishakuwa na foleni ya ndani umeshajenga nusu ya njia ya 4. Inafaa pale mwenye ghala yuko Dar es Salaam na anataka kuona magunia ya leo.

Kwa hali yako

Kitabu kimoja, mtu mmoja, kompyuta moja, naye anataka kuona safu zikiingia: njia ya 1, kwa kujiunga na Excel yake.

Kitabu kizito chenye makro na kazi ya mwisho wa mwezi: njia ya 1 kwa `DispatchEx`, mtu akiwa amekaa hapo, saa ambayo wengine wameshafunga.

Ripoti mpya kila siku isiyorudiwa kuandikwa: njia ya 2. Weka tarehe na saa kwenye jina la faili, na mgogoro wa kufuli hautatokea kabisa.

Ofisi isiyo na leseni ya Office: njia ya 2 pamoja na 3.

Mizani, kaunta ya malipo, au kituo cha kupokea mazao kinachoandika kutwa huku mhasibu akisoma: njia ya 4. Kama huna muda wa kuijenga sasa, anza na njia ya 2 yenye foleni ya CSV; foleni hiyo ndiyo itakayogeuka hifadhidata baadaye, bila kutupa kitu.

Ukiamua kuhama kutoka njia moja kwenda nyingine, usihame magunia yakiwa yamepanga foleni. Ngoja siku za mbalamwezi, vyombo vya dagaa vinapopumzika na mizani imetulia. Endesha njia zote mbili sambamba kwa siku tatu, linganisha jumla ya kilo kila jioni, na zikilingana siku zote tatu ndipo uzime ya zamani.